Ubao wa Vyura

Mke wangu alipofika mlimani mara ya kwanza aliniuliza kama nimemleta hotelini au kwenye kinamasi. Mvua ya masika ilikuwa imeanza wiki hiyo, na vyura walikuwa wamefungua midomo tangu jua lilipotua. Nyumba yetu ya mabanzi ilikuwa ya mwisho katika safu ya nyumba za wafanyakazi, karibu kabisa na kibonde chenye matete, na kelele zile ziliingia kupitia kila ufa. Alijifunika blanketi mpaka kichwani, akaniambia kwa lugha ya kwetu kwamba kesho niende kwa wakubwa wangu niwaombe wanyamazishe wanyama wao. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ombi lake lilikuja kutimizwa baada ya miaka michache, na aliyelitimiza ni mimi.

Sisi ni watu wa magharibi, kule karibu na mpaka wa Uganda. Nilikuja upande wa Nyeri miaka ya kwanza ya uhuru, nikimfuata binamu yangu aliyekuwa askari polisi, na yeye ndiye aliyenitafutia kazi katika hoteli moja ya watalii juu ya Naro Moru, mahali mashamba yanapokwisha na msitu unapoanza. Jina la hoteli sitalitaja. Kazi yangu ilikuwa kutunza bwawa la kuogelea: kuendesha pampu, kutia dawa, kusugua vigae, kuokota majani kwa wavu wenye mpini mrefu. Wenzangu waliniita Mtu wa Bwawa, na mimi nilijiona mtu wa maana, kwa sababu bwawa lile ndilo lililokuwa kwenye kila picha ya hoteli iliyopelekwa ng'ambo.

Waliolichimba, enzi za wakoloni, walichagua mahali palipopendeza macho yao. Walilitia kwenye bapa la ardhi kati ya msitu na kile kibonde cha matete, mahali maji ya mlima yalipokuwa yakikusanyika yenyewe. Kuta zilisimama wima, zimevishwa vigae vya buluu vinavyoteleza, na juu yake kulikuwa na mdomo wa saruji uliochomoza kwa ndani. Maji yalikaa chini ya ule mdomo kiasi cha shubiri moja. Mtu akichoka kuogelea alipanda ngazi ya chuma. Chura hana ngazi, na hakuna aliyemfikiria wakati wa kuchora ramani.

Vyura wa pale walikuwa na njia yao. Kila mvua ilipoanza walitoka msituni wakashuka bondeni kutaga mayai kwenye matete, kama walivyofanya kabla ya hoteli kuwa hata ndoto ya mtu. Sasa bwawa lilikuwa limekaa katikati ya safari yao. Waliyaona maji, wakaruka. Kuingia kulikuwa rahisi. Halafu walizunguka kandokando wakitafuta pa kushika, ukuta unateleza, ule mdomo wa saruji umewakalia juu, na dawa inawachoma ngozi. Mjusi akiteleza, yaleyale. Kinyonga akianguka kutoka kwenye tawi, yaleyale. Mambo haya nayaeleza kwa urahisi sasa, lakini nilikaa pale muda mrefu nikiyatazama kila siku bila kuyaona.

Meneja niliyemkuta alikuwa mzungu aliyebaki kutoka siku za zamani, mtu wa bia na mbwa wawili. Masika yakiingia na wageni wakipungua, alizima pampu, akafunga chumba cha dawa, akaliacha bwawa mpaka mvua ziishe. Maji yaligeuka kijani. Matawi yaliangukia ndani na hakuna aliyeyatoa, magugu yalishuka kutoka ukingoni, na vyura wakatumia matawi na magugu hayo kuingia na kutoka kama wenye nyumba. Hata mayai walitaga humo. Sisi wafanyakazi tulimcheka mzungu yule kwa uvivu wake. Tulisema, hebu angalia, na ndio hawa walikuwa wakituita wavivu!

Siku alipoondoka kurudi kwao tulimwandalia chai. Alishukuru vizuri, kisha akanyoosha kidole kwenye bwawa, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani kwamba akirudi kututembelea atakuta ng'ombe wanakunywa maji pale. Alikuwa anatania, nadhani. Lakini hakuna aliyecheka, na jioni ile jikoni hatukuzungumza jambo jingine.

Meneja mpya alikuwa Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye kile kiti. Alikuwa kijana wa Nyeri papa hapa, amesomea kazi ya hoteli ng'ambo, tai imenyooka, viatu vinang'aa hata kwenye matope yetu. Alitukusanya nyuma ya jikoni.

“Jamani, watu wako na macho kwetu,” alisema. “Nairobi wanaangalia. Wenye pesa wa ng'ambo wanaangalia. Wanangoja tu hii maji igeuke kijani ndio waseme, si mliona? Mwafrika hawezi. Sasa nasema hivi: mvua inyeshe, isinyeshe, hii bwawa haifungwi hata siku moja. Tumeelewana?”

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, viganja vikawaka moto, kwa sababu katika hotuba nzima jambo lililotajwa lilikuwa kazi yangu. Niliwaza, taifa hili changa limeniwekea mimi wavu mkononi, sitaliaibisha. Mtu akiniambia leo kwamba nilikuwa mjinga sitabishana naye. Lakini nataka ajue kwamba ulikuwa ujinga wa mtu mwenye furaha.

Basi nikajitoa mhanga. Nilikata matawi yote yaliyoinamia maji. Niling'oa magugu ya ukingoni mpaka saruji ikabaki uchi. Pampu ilivuma kutwa, na dawa niliipima kwa mkono usio na choyo. Tena nikaenda ofisini mwenyewe, kofia mkononi, nikatoa wazo kwamba tulichimbie bwawa mtaro wa saruji upande wa msitu, wenye kina, ili matope ya msituni yasiingie mvua ikinyesha. Meneja aliupenda mtaro ule, akanipa mkono mbele ya watu. Fundi alitoka Karatina akaujenga na kuta zake zilizonyooka, laini, safi. Kumbe nilikuwa nimewaongezea viumbe wale kaburi la pili: aliyeuvuka mtaro aliishia bwawani, na aliyeshindwa kuuvuka alikaukia humo humo jua lilipotoka.

Masika ya kwanza ya meneja mpya niliamka kungali na ukungu, nikaenda na wavu wangu kuokota majani. Majani yalikuwa machache. Vyura walikuwa wametapakaa juu ya maji, wengine wadogo kama kifungo cha koti, miguu imenyooka nyuma, matumbo meupe juu. Wachache walikuwa bado wanapiga miguu kwenye kona, polepole. Niliwaokota wote, walio hai nikawatupa upande wa matete, waliokufa nikawatia kwenye ndoo, nikafunika gunia, nikaificha ndoo nyuma ya ua. Wageni walipotoka kuota jua walikuta maji yanametameta. Meneja alipita, akatazama, akanigonga begani. Nilirudi nyumbani kunywa chai na sikuweza kula mkate.

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyokuwa tangu siku hiyo. Nilikuwa mtu wa kuondoa maiti kabla wageni hawajaamka, na kwa kuwa niliifanya vizuri hakuna mgeni aliyewahi kuona hata mmoja. Roho iliniuma kila asubuhi, na kila asubuhi niliharakisha zaidi.

Rafiki yangu pale alikuwa mtunza bustani, mtu wa Kianyaga, mrefu, mwenye domo, ambaye alikuwa haogopi chui wala nyati lakini akimwona kinyonga anaruka kama msichana. Vinyonga wa mlima ule wana pembe tatu usoni na macho yanayozunguka, na watu wa huko hawawashiki kabisa. Mmoja alipoangukia bwawani, mwenzangu aliniita kwa sauti ya kuamsha hoteli nzima.

“Wewe, kuja utoe hii kitu! Kimbu iko kwa maji!”

“Si uitoe wewe, uko na mikono?”

“Mimi? Ati niishike? Hiyo ndio ilitumwa na Mungu kutuletea maneno ya kuishi, ikachelewa njiani, sasa tunakufa. Nyinyi watu wa magharibi haiwezi kuwafanya kitu.”

Ukweli ni kwamba kwetu pia kinyonga hapendwi, na tuna hadithi yake isiyotofautiana sana na hiyo. Sikumwambia. Nilipenda kuonekana jasiri, nikamtoa kinyonga kwa wavu, nikamweka juu ya ua huku nimeuma meno. Siku moja meneja mwenyewe alitukuta katika shughuli hiyo. Msomi wa ng'ambo, na tai yake, alirudi nyuma hatua kadhaa akasimama nyuma ya mti, akaniamuru kutoka huko niharakishe. Mtunza bustani alicheka mpaka akakaa chini. Lakini tangu hapo ikawa kama sheria: kitu chochote chenye magamba au ngozi ya maji kilichofia pale kilikuwa changu peke yangu, na mtu mwingine hakulazimika hata kukitazama.

Wazo la ubao lilinijia kwa sababu ya dipu. Nilikuwa nimeshuka Naro Moru siku ya soko nikapita josho la ng'ombe, nikasimama kutazama. Ng'ombe anatumbukia upande mmoja, anaogelea, halafu anatoka upande wa pili kwa mteremko wa saruji uliochongwa mistari ili kwato zishike. Nilisimama pale mpaka mwenye ng'ombe akaniuliza kama nataka kununua. Nilirudi mlimani nikiwa nimechangamka, nikaomba banzi la mti wa msaundari kwa seremala, nikaligongelea vijiti vya kushikia, nikaliegemeza kwenye kona ya bwawa, kichwa juu ya saruji, mkia ndani ya maji.

Jamani, ulifanya kazi! Asubuhi iliyofuata nilikuta alama za maji zimepanda ubaoni, na kwenye wavu wangu mlikuwa na wachache tu. Baada ya siku kadhaa niliwahi alfajiri nikamkuta mmoja katikati ya safari, amekaa juu ya kijiti cha tatu, koo linapumua, akinitazama. Nilichuchumaa nikamngoja amalize kupanda. Nilimwita mke wangu aje aone, naye alikuja na mtoto wetu wa kwanza mgongoni, aliyezaliwa pale pale mlimani, akasema, “Haya, sasa umekuwa fundi wa ngazi za vyura.” Lakini alisema akitabasamu, na mtoto alinyoosha mkono akitaka kumshika. Sidhani kama nimewahi kuipenda kazi yangu kama wiki ile.

Meneja aliuona ubao wakati wa kuzunguka kwake.

“Hii ni nini?”

“Ni ubao, bwana. Wa vyura. Wapande watoke.”

“Wa vyura.”

“Ndiyo, bwana.”

“Wewe, hii ni hoteli ama ni dipu ya ng'ombe?”

Sikuweza kumweleza kwamba ndiyo, ni dipu hasa iliyonifundisha. Aliagiza ubao utoke. Nikautoa. Lakini jioni, wageni walipokwenda kula, niliurudisha, na alfajiri nikauondoa kabla ya mtu kuamka, na kwa namna hiyo tukaenda karibu masika yote. Mtunza bustani alijua, akawa ananiuliza kila siku kama wageni wangu wamelipia chumba. Vyura walipita. Kule kwenye matete kelele zilikuwa kubwa mpaka mke wangu akaacha kulalamika. Alisema mtoto akizisikia analala haraka kuliko akiimbiwa.

Halafu mtoto akashikwa na kikohozi. Alikohoa usiku kucha, tukabadilishana kumbeba, na alfajiri nilipitiwa na usingizi. Nilipozinduka jua lilikuwa limekwisha kutoka. Asubuhi hiyo hiyo, bahati mbaya ilivyo, mgeni mmoja mkubwa wa serikali aliamua kuogelea kabla ya chai, akarukia kwenye kona yangu, akachubua muundi wake kwenye ubao. Hakuumia sana. Lakini alitoka majini akiwa ameushika ubao ule mkononi, akaupeleka mpaka mapokezi na maji yakimdondoka, akauliza ni kitu gani hiki.

Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

“Wewe uko na bibi hapa,” alisema. “Uko na mtoto, na mwingine anakuja. Hiyo nyumba unakaa ni ya kazi. Nikiona hii mbao tena kwa maji, utafunga mizigo siku hiyo hiyo. Mimi sikuchukii. Lakini mimi pia niko na watu juu yangu, na wananingoja nianguke.”

Nilijua kwamba anasema kweli kuhusu hao wanaomngoja. Tena nilijua kwamba kwetu magharibi kulikuwa na kipande cha shamba kilichokwisha kugawanywa kwa kaka zangu, na kwamba mke wangu alikuwa amebakisha miezi michache ajifungue. Nilisema, “Ndiyo, bwana,” nikachukua ubao ukutani. Ningeweza kuuficha chini ya kitanda nikangoja hasira zipoe. Ningeweza kumwomba anipe ruhusa ya kuweka hata jiwe moja, hata kamba. Mpaka leo naorodhesha niliyoweza kuyasema mle ofisini, na orodha inarefuka kadiri ninavyozeeka.

Nilikwenda nao nyumbani moja kwa moja. Mke wangu alikuwa anapuliza moto, kuni mbichi, moshi umejaa. Niliukata ubao vipande kwa panga, nikamwekea miguuni.

“Huu si ule wa vyura?” aliuliza.

“Ni kuni,” nilisema.

Alinitazama kidogo. Akavisukuma vipande motoni kimoja kimoja. Msaundari unashika moto vizuri hata ukiwa umelowa juu, chai ikachemka upesi, na tuliinywa wote wawili.

Masika yaliyofuata nilirudia wavu na ndoo. Walikuwa wengi mwanzoni, nadhani ni wale wale waliookoka kwa ubao mwaka uliotangulia, sasa wakirudi kutaga. Fikira hiyo ndiyo iliyoninyima raha zaidi. Nilikuwa nimewazoesha njia, kisha nikaifunga. Mtunza bustani alijaribu kunitania kuhusu wageni wasiolipa, akaona sicheki, akaacha.

Ndipo alipokuja yule mama. Alikuwa mzungu mzee, mgeni wetu wa siku chache, mwalimu aliyestaafu, na alipojua natoka wapi alinisalimia kwa lugha ya kwetu, maana alikuwa amefundisha huko miaka mingi. Machozi yalinilengalenga kwa kusikia maneno yale kutoka kinywa kile. Asubuhi moja alitoka mapema kuliko wageni wote, amejitanda shali, akanikuta kando ya ua. Ndoo ilikuwa karibu na mguu wangu, gunia juu yake.

“Nimelala vizuri sana kwa ajili ya vyura wenu,” alisema kwa Kiswahili safi. “Nyumbani kwangu hatuna tena. Naweza kumwona mmoja? Mmoja tu?”

Nimekwisha kusema kwamba sikuwahi kumwonyesha mgeni hata mmoja. Hapa palikuwa na mgeni aliyeomba mwenyewe, mtu wa heshima, ambaye neno lake moja kwa meneja lingekuwa na uzito kuliko mwaka mzima wa maneno yangu. Nilichohitaji ni kuinama na kuondoa gunia. Mkono wangu ulishuka, nakumbuka, mpaka nikaligusa lile gunia. Nikafikiria mlango wa ofisi ukifungwa. Nikafikiria kitoto chetu cha pili, kilichokuwa na miezi michache tu, na nyumba ya mabanzi. Tena, nitasema na hili, niliona haya. Sikutaka mama yule aliyenisalimia kwa lugha ya mama yangu ajue kazi ninayoifanya.

“Wamelala sasa, mama,” nilisema. “Mchana hawaonekani.”

“Basi waache wapumzike,” alinijibu, akaenda zake kwenye kiti kutazama mlima.

Mwaka uliofuata walikuwa wachache, nikajiambia mvua imekuwa haba. Ukaja mwaka mwingine. Mvua ya masika ilinyesha ya kutosha, barabara ya Kiganjo ikakatika, mtaro wangu ukajaa mpaka juu. Niliamka na ukungu, nikachukua wavu, nikafika bwawani. Maji yalikuwa matupu. Nilizunguka pande zote nne, nikapata majani na nondo mmoja. Siku ya pili hivyo hivyo, na siku ya tatu. Nilifurahi kwanza. Ndiyo, nilifurahi: nilirudi nyumbani mapema, nikala mkate wangu wote, nikamwambia mke wangu kazi imekuwa nyepesi. Ilinichukua wiki nzima ya wavu mtupu kabla sijaelewa nilichokuwa nikisherehekea. Nilishuka mwenyewe kwenye matete, nikaingia mpaka magotini, nikapekua. Niliona bata mmoja, na mbu.

Mwisho wa mwaka huo hoteli ilifanya sherehe ya wafanyakazi. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, na ndizi na nyanya nyingi zilizoletwa kutoka soko la Kagio, na wakubwa kutoka Nairobi waliokuja na gari mbili. Meneja alikuwa amenenepa kidogo, na hakuna tena aliyekuwa akimngoja aanguke. Alikuwa ameshinda, na sisi tulijivunia. Alisimama akasema kwamba bwawa letu limesifiwa kuliko mabwawa yote ya upande huu wa mlima.

“Angalieni wenyewe,” alisema. “Masika yote, kila siku, hata kitu kimoja hakimo ndani. Hata kimoja! Mtu wetu, simama. Waambie hawa, ulifanyaje?”

Nilisimama. Wakubwa wa Nairobi walinigeukia wakitabasamu. Nilimwona mtunza bustani kwenye benchi la nyuma, nyama mkononi. Alikuwa anautazama ule ua ambao nyuma yake nilikuwa nikiificha ndoo.

“Kazi tu, bwana,” nilisema.

Walipiga makofi, na nikapewa zawadi, redio mpya ya betri, na kilemba cha ukoka juu yake. Niliipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa.

Masika yalipokuja tena, redio ilikuwa juu ya meza yetu, imefunikwa kitambaa ambacho mke wangu alikifuma mwenyewe. Mvua ya kwanza ilipiga mabati mchana kutwa, ikaacha jioni. Mke wangu alimaliza kuwalaza watoto, akafungua dirisha la upande wa matete, akasimama pale akisikiliza. Huko nje hakukuwa na sauti hata moja. Mtoto wetu mkubwa alijigeuza, akajigeuza tena, akaanza kulia kwamba hawezi kulala. Mama yake alimwimbia wimbo mmoja na wa pili, lakini hakunyamaza.

“Washa hiyo redio yako,” mke wangu aliniambia.

Niliwasha. Mlima ulikuwa umeizuia sauti, kama kawaida yake wakati wa mawingu. Nilizungusha kitufe kutafuta taarifa au muziki, na kati ya stesheni moja na nyingine ikatoka ile kelele ya kuchakacha, ya kukwaruza, isiyo na maneno, ikapanda na kushuka. Mtoto alinyamaza. Niliendelea kuzungusha, akaanza kulia. Nikarudi nyuma, akanyamaza.

“Iache hapo hapo,” mke wangu alisema.

“Hakuna kitu hapa,” nilimwambia. “Si stesheni.”

“Najua,” alisema, akafunga dirisha.

Tulikaa tukiisikiliza mpaka mtoto akalala, na baada ya hapo hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.